Mbegu Niliyowapikia Wanangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona waliokaa karibu na mlango wameitikia kwa nguvu kuliko waliokaa mbele. Si neno. Mimi nitasimulia, na nikimaliza kila mtu ataitikia kwa kadiri alivyosikia.

Jina langu ni Spesioza. Wengi mnaniita Mama Neema. Wazee wachache bado wananiita Mrundi, nami naitika bila kinyongo, maana ndivyo nilivyo. Mchungaji ameniambia nitoe ushuhuda kwa ufupi. Ufupi sijui kama nitauweza, lakini kweli nitaisema. Kuna jambo nililolitenda ambalo baadhi yenu mlilishuhudia, na wengine mmelisikia likiwa limekwisha kutiwa chumvi na pilipili. Leo mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Nilizaliwa Burundi, kwenye milima inayofanana sana na hii yetu. Nilikuwa msichana mdogo tulipokimbia mauaji. Tuliovuka mpaka ni mimi na bibi yangu mzaa mama. Baba na mama hawakuvuka. Hilo naomba niliache hapo.

Tulipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi mkoani Tabora, porini, mahali ambapo hata njia ilikuwa bado haijatoboka. Mwanzoni tuliishi kwa posho: mahindi, maharage, mafuta, blanketi moja kwa watu wawili. Baadaye tukapewa jembe, panga, mbegu na kipande cha pori, tukaambiwa tufyeke. Siku ilipotangazwa kwamba posho imekwisha, watu wazima walilia kwenye mkutano. Bibi yangu hakuwa hata kwenye mkutano wenyewe. Alikuwa shambani anapalilia.

Kule ardhi ni tambarare, lakini bibi aliamini kwamba ipo siku tutarudi kwetu milimani. Basi nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichuguu kikubwa, na juu ya kichuguu kile akanifundisha kilimo cha mteremko. Jinsi ya kukinga maji. Jinsi ya kutenga udongo mweusi kabla hujagusa mwekundu. Watoto wenzangu walinicheka wakisema ninalima nyumba ya mchwa. Bibi alifariki hatujarudi.

Nikakua. Akaja dereva mmoja wa lori lililokuwa likileta mbolea na kubeba tumbaku yetu. Mluguru, mpole, anaongea taratibu kama anahesabu maneno. Ndiye Valeriani, mume wangu. Tulifunga ndoa, akanileta Morogoro mjini, tukapata watoto wawili wa kike, Neema na Odilia. Maisha yalikuwa ya kawaida tu.

Kisha ukaja wakati wa ruksa. Nyote mnaukumbuka. Madukani vitu vikajaa, hata sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikawa inauzwa barabarani. Lakini mashirika ya umma yakaanza kupunguza watu. Valeriani alirudi nyumbani mchana na barua mkononi, akaiweka mezani, akaniambia, "Mke wangu, tunapanda mlimani." Ndipo tulipokuja kijijini kwao, huku juu ya Mkuyuni, tukalima shamba alilopewa na ukoo wake. Migomba, maharage, mpunga wa mlimani. Tulikula na tukashiba.

Miaka miwili baadaye Valeriani akashikwa na homa kali. Wanaume walimbeba kwa machela kumpeleka chini zahanati, na dada yake, Melania, alikuwa mbele akifyeka majani yaliyofunga njia. Hatukufika. Alikata roho wakati wanabadilishana mabega kwenye kona ya mto.

Ndugu zangu, sasa lazima nieleze jambo la mila, maana wageni mpo na hamtanielewa nisipolieleza. Huku Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ukoo wenyewe wanauita *lukolo*, na ardhi ni mali ya *lukolo*. Mtu akifa, shamba lake linarudi kwa watoto wa dada zake. Wanangu si wa *lukolo* ya baba yao. Ni wa ukoo wangu mimi, na ukoo wangu mimi uko wapi? Hapa sina hata mjomba mmoja.

Matanga yalipokwisha, Mzee Pius, mjomba wa marehemu na mkuu wa ukoo, aliniita. Aliongea kwa heshima. Akasema nyumba nitakaa mpaka mwenyewe nitakapoamua kuondoka, lakini shamba analichukua Melania na watoto wake. Sikubisha. Hapakuwa na ubaya ndani yake, ndiyo mila. Melania alikuwa na watoto watano, na shamba lake la zamani lilikuwa limechoka mpaka mawe yanaonekana. Lakini tangu siku ile mimi na yeye tuliacha kuongea. Akipita mlangoni kwangu na jembe, anatazama mbele. Nami nikimwona anakuja, naingia ndani.

Nikaishi kwa vibarua. Kupalilia kwa huyu, kutwanga kwa yule. Halafu mvua za vuli zikashindwa, na masika yakaja mafupi mno. Njaa ikaingia. Vibarua vikaisha, maana nani atakulipa chakula naye hana?

Shirika moja la msaada likaleta mahindi ya njano na mafuta ya kopo. Kamati ya kijiji ikaandika orodha ya wenye shida. Nikajipanga kwenye foleni nikiwa na gunia langu tupu na wanangu wawili. Nilipofika mezani, katibu wa kamati akapitisha kidole kwenye karatasi, akaniambia:

"Mama, wewe humu haumo. Orodha hii ni ya wenyeji."

"Mimi nimeolewa hapa, baba."

"Aliyekuoa amefariki, Mungu amrehemu. Na watoto wako ni wa kwenu. Ninyi ni wakimbizi, na wakimbizi wana mashirika yao."

Nikaomba nafasi juu ya lori la ndizi, nikashuka mpaka Morogoro mjini kwenye ofisi inayoshughulika na wakimbizi. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kijana wa mapokezi akasikiliza, akaandika, akafuta, mwisho akasema:

"Ulitoka kwenye makazi kwa njia ya ndoa. Kwetu sisi sasa unahesabika mwenyeji. Rudi kijijini kwako wakuandikishe."

Ndugu zangu! Kwa wenyeji mimi ni mkimbizi, kwa wakimbizi mimi ni mwenyeji. Nilirudi mlimani nimebeba gunia lilelile tupu, nikiwaza, hivi Mungu mwenyewe ananihesabu upande gani? Nikaacha kusali. Sikukasirika, niliacha tu, kama mtu anavyoacha kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Shirika lile lililoleta mahindi lilikuwa na mpango mwingine. Halikutaka kijiji kiendelee kungoja malori. Lilileta mbegu za maharage zigawiwe mvua zikikaribia, na likamleta bibi shamba wa kufundisha watu kuhifadhi udongo. Huyo ndiye Bibi Rehema, mama wa Kiislamu kutoka mjini, mfupi, mcheshi, anavaa viatu vya mpira na ushungi wake kichwani, anapanda mlima kuliko sisi. Aliposikia habari zangu hakuweza kubadilisha orodha, lakini alinipa kazi ya kufagia ghala na kulinda mbegu. Malipo yalikuwa kidogo, nayo yalikuwa yaje mwisho wa mwezi. Akanikabidhi ufunguo. Akaniambia mbele ya watu wote, akishika konzi ya mbegu:

"Mnaona hii rangi nyekundu? Hii ni dawa ya wadudu. Mbegu hii hailiwi na mtu, wala na kuku. Ni ya ardhini tu."

Nilimsikia vizuri. Sitaki mtu anitetee kwamba sikuelewa.

Wiki ya tatu wanangu walikuwa wamekula mizizi ya migomba siku mbili mfululizo. Odilia alikuwa ameacha kuomba chakula, na mama yeyote hapa anajua kwamba mtoto akiacha kuomba ndipo unapoogopa. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yangu. Asubuhi ile nilikwenda kufagia kama kawaida, nikafungua gunia moja, nikachota vibaba viwili, nikaviweka chini ya takataka kwenye ungo. Nilisema moyoni, nitaosha. Nikaosha maji ya kwanza, yakawa mekundu kama damu ya kuku. Nikaosha ya pili, ya tatu, ya nne. Yakawa meupe. Nikasema, imetoka. Nikapika mpaka yakaiva, nikawapa. Wanangu walikula wakitabasamu. Mimi sikula, nikasema yaliyobaki yatakuwa ya jioni.

Hata sufuria haijapoa, Odilia akaanza kutokwa na mate. Nilidhani ni kichefuchefu cha kushiba baada ya njaa. Halafu Neema akasema, "Mama, sioni vizuri," akatapika. Odilia akaanza kutetemeka miguu. Nilipiga kelele. Sijui nilipiga kelele kwa lugha gani.

Aliyenisikia ni Melania. Alikuwa anapita na mzigo wa kuni. Aliutupa mzigo palepale njiani, akaingia ndani, akatazama watoto, hakuniuliza kitu. Alimnyanyua Odilia akamfunga mgongoni kwa kanga yake mwenyewe, akasema, "Mbebe mkubwa. Twende." Ilikuwa mchana, jua kali. Tuliteremka ule mlima mbio, yeye mbele, mimi nyuma. Nilimwona mwanangu mgongoni kwake, kichwa kinaning'inia huku na huku, na Melania anashika kile kichwa kwa mkono mmoja huku anakimbia.

Tulifika zahanati. Daktari akawalaza watoto, akawafunua macho, akauliza:

"Wamekula nini?"

Ndugu zangu, sikilizeni hapa. Niliinua macho nikamwona Melania amesimama mlangoni, jasho linamtiririka. Nikaona kamati, nikaona ufunguo, nikaona watu wakisema, si tulisema huyu si wa hapa? Nikajibu:

"Mihogo."

Daktari akauliza tena, "Mihogo mitupu?"

"Mihogo michungu," nikasema.

Akageuka kwenda kabatini kutafuta dawa ya mihogo. Alikwenda hatua nne au tano. Katika hatua zile, Odilia akakakamaa mwili mzima. Na hapo nilisali, mara ya kwanza tangu niliporudi mlimani na gunia tupu. Haikuwa sala ndefu. Nilisema "Imana," ndivyo tunavyomwita Mungu kwetu, "Imana, fungua mdomo wangu." Nao ukafunguka! Nililia kwa sauti:

"Daktari, nimesema uongo! Nimeiba mbegu ya watu. Ile yenye dawa nyekundu. Nimewapikia wanangu wenyewe!"

Daktari aliiacha ile dawa aliyokuwa ameishika, akakimbilia kabati lingine. Akawachoma sindano, akawanywesha maji yenye mkaa uliosagwa, akawatapisha, akawachoma tena. Mikono yake ilikuwa na haraka. Melania alikuwa ameshika miguu ya Odilia, mimi nimeshika ya Neema. Jua lilipoanza kuteremka, Neema akaomba maji. Odilia alichelewa zaidi, lakini naye akafumbua macho, akamtazama Melania, akamwita "shangazi."

Daktari alinawa mikono, akaniambia, "Mama, ungekaa na ule uongo wako muda wa kuchemsha chai tu, ungezika." Bwana asifiwe! Watu huniuliza, Mama Neema, wewe ulifunguliwa lini? Nawaambia, ni pale. Kabla sijasamehewa na mtu yeyote, nilifunguliwa pale niliposema kweli na wanangu wakapona kwayo.

Melania aliketi nami sakafuni. Akasema, "Wifi, moshi wako ulikuwa hautoki." Nikamwambia, "Haukutoka siku mbili nzima." Akasema, "Nilikuwa naona." Akaanza kulia, nami nikalia.

Baada ya siku tano tukarudi kijijini, na kikao kikaitishwa. Walikuwapo kamati, Mzee Pius na Bibi Rehema. Nilisimama nikasema nilichokifanya, bila kupunguza. Katibu akataka nifukuzwe kijiji. Wengine wakamuunga mkono. Mzee Pius akasema kwa ile sauti yake nzito, "Kufukuza hakuleti mbegu. Mbegu ya watu lazima irudi. Atairudisha."

Bibi Rehema akadakia, "Shikamoo mzee wangu. Atairudisha, vyema kabisa. Ila ataipandia wapi? Kichwani?"

Watu wakacheka. Hata katibu alicheka. Lakini Melania hakucheka. Alisimama, na mnamjua alivyo mrefu, akasema:

"Mbegu aliiba yeye. Shamba nililichukua mimi. Mila sikuivunja, lakini kila asubuhi nilipita mlangoni kwake na jembe begani, nikaona hakuna moshi, nikanyamaza. Kama ni kesi, tuandikeni wote wawili."

Mzee Pius alikaa akiparuza ardhi kwa fimbo yake. Mwishowe akasema kwamba ukoo utaniazima lile genge, ule mteremko mkali ulio juu ya korongo, mahali ambapo udongo hushuka kila masika, hapalimwi na mtu. Kila mavuno nitatoa kwa ukoo zawadi ya kukiri kwamba shamba si langu, wanaiita *ngoto*, kikapu kimoja. Na mbegu niliyoiba nitairudisha mara mbili. Nikakubali. Kuna waliosema amenipa kaburi, si shamba. Nilipoliona lile genge nilitaka kucheka kwa furaha, maana lilikuwa kama kile kichuguu cha bibi yangu, ila kubwa!

Nikaanza kuchimba. Siku ya tatu Mzee Pius akapanda kuja kunitazama, akakuta nimechimba matuta ya ngazi. Uso wake ukabadilika.

"Nani kakuambia uchimbe matuta? Bibi shamba?"

"Shikamoo mjomba. Hapana, ni mimi mwenyewe."

"Sisi matuta tuliyakataa tangu enzi ya mkoloni. Watu walichapwa viboko kwa ajili ya matuta. Leo wewe mgeni ndiye wa kuturudishia?"

Nilikuwa sijui habari hizo. Sasa nikaelewa kwa nini Bibi Rehema alifundisha miezi mingi na watu wakamwitikia "ndiyo, ndiyo" bila kuinua jembe. Nikapiga goti, nikamuuliza, "Mjomba, naomba unifundishe. Matuta yale yalikosa nini?"

Akakaa kwenye jiwe. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasema, "Walitufukia udongo mweusi chini, wakatupandishia mwekundu juu. Mahindi yakatoka kama mkia wa panya. Tuliwaambia, hawakusikia."

Nikamwonyesha lundo nililolitenga pembeni. "Mjomba, mweusi wote ni huu hapa. Naukwangua kwanza, nauweka kando. Nikishachimba naurudisha juu, na samadi. Kwenye ukingo napanda matete yashike udongo."

Alichukua udongo kidogo kwa vidole, akaunusa. Akainuka akaenda zake, hakuaga. Nikasema nimemuudhi. Kesho yake asubuhi akaja na mzigo wa matete ya kupanda, akautua, akasema, "Haya ya mtoni yanashika mizizi upesi." Melania alikuja siku ya pili yake na jembe. Bibi Rehema alipotuona tumepanga mstari, akasema, "Alhamdulillahi! Nimeimba miezi yote hii, kumbe wimbo ulikuwa na mwenyewe!"

Masika yaliyofuata yalikuja na hasira. Mvua ilinyesha siku nyingi bila kukatika. Mashamba kadhaa ya jirani yalishuka mtoni, likiwamo lile la marehemu mume wangu. Ndiyo, lile alilolichukua Melania. Nusu nzima ilikwenda na migomba yake. Mvua ilipotulia nilikwenda gengeni kwangu. Tuta moja la chini lilikuwa limebomoka. Mengine yote yalisimama. Maji yamelala kwenye mitaro, maharage yamenyanyua majani.

Melania alikuja akasimama kando yangu. Nilijua anachokiona. Ningeweza kunyamaza, kama yeye alivyonyamaza. Shetani alinikumbusha, nisiwadanganye. Nikamwambia, "Wifi, matuta mawili ya juu lima wewe msimu huu. Ukiisha msimu, tutakwenda wote kulitengeneza lako." Na ndivyo tulivyofanya.

Nilirudisha mbegu mara mbili. Kamati ikaniuliza iwekwe wapi, nikaomba isigawiwe ikaliwa, bali ikopeshwe kwa mama mwingine naye arudishe baada ya mavuno. Hapo ndipo kikundi chetu kilipoanza. Tulikuwa wanawake sita, tukawa kumi na moja, kisha wakaja wanaume pia. Mbegu yetu hatukuipaka dawa nyekundu. Tulihifadhi kwa majivu na pilipili kichaa, ili mtoto wa mtu akizidiwa na njaa, mbegu isimuue.

Baadaye shirika likaondoka. Fedha zake zilikwisha, au muda wake, sijui. Watu walilia kwenye mkutano wa kuagana, na mimi siwalaumu, maana lile shirika lilitupa vingi: mbegu ya kwanza, majembe, bomba la maji, na zaidi ya vyote lilitupa Bibi Rehema. Nawashukuru mpaka leo. Msaada si dhambi, ndugu zangu. Mimi nilikula mahindi ya msaada nikiwa mtoto, ndiyo maana mnaniona. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya palizi, tukapalilia.

Ushirika nao ulikuwa umelala, wakaanza kuja wanunuzi binafsi na malori yao mpaka Mkuyuni. Wakitukuta mmoja mmoja walitujazia lumbesa, gunia linashonewa kofia mpaka linakuwa gunia na nusu. Siku moja Melania akawaambia, "Sisi tunauza gunia, hatuuzi gunia na kilemba chake." Wakaondoka kwa hasira. Tukaogopa sana wiki ile. Akaja mwingine aliyekubali gunia lililo sawa. Haikuwa kila mara, nisidanganye. Kuna misimu tuliuza vibaya. Lakini hatukulala njaa.

Na ile miaka ambayo wakimbizi walimiminika tena kule magharibi, watu wa kwetu na majirani zetu, tulisikia kwenye redio. Sikuomba kitu. Mzee Pius, akiwa mgonjwa tayari, ndiye aliyesema, "Mrundi, watu wako wanahitaji mbegu." Kikundi kikajaza magunia, yakapanda lori la kanisa. Niliyashona kwa mikono yangu. Siwezi kueleza nilivyojisikia, kwa hiyo sielezi.

Neema sasa ni mwalimu huko Mikese. Odilia ana watoto wake wawili, naye ndiye anayelima genge lile. *Ngoto* tunaitoa kila mavuno, kikapu kimoja, wala ukoo haujawahi kusema ondokeni.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenifungua mdomo. Namshukuru wifi yangu Melania, aliyeutupa mzigo wake wa kuni. Namshukuru Bibi Rehema popote alipo. Sina mahubiri makubwa. Ninachojua ni kwamba Mungu anasikia sala fupi, na anapojibu mara nyingi hutuma mtu, na mtu huyo anaweza kuwa yule usiyesalimiana naye. Mtumaini. Mwambie kweli.

Na kama uko hapa leo, umekuja na nguo safi lakini jana hukupika, usione haya. Mimi na Melania tunakaa benchi la tatu, upande wa dirisha. Njoo utushike mkono tu, hatutakuuliza unatoka wapi. Jumatano asubuhi tunachimba kwa mama mmoja mjane aliyehamia juzi pale ng'ambo ya mto. Mbegu ipo. Chakula cha mchana kipo. Wewe njoo na jembe, na kama huna jembe, njoo hivyohivyo.

Bwana asifiwe!